Mizani ya Ghala la Mchinga

Sukari yako ilitulia siku ile, Bi Somoe,
sita nukta nne,
ukapiga kigelegele dirishani pangu
hata wajawazito kwenye benchi wakageuka.
Niliandika. Kisha nikatazama chini,
nikaona kamba za kandambili zimezama
kama uzi kwenye andazi bichi.
Umevaa viatu vya nani?
"Vyangu. Miguu ndiyo si yangu."

Daktari Nambunga akabonyeza muundi kwa dole gumba.
Shimo likabaki.
Tukalitazama watatu, likijaa taratibu
kama jaruba maji yanapopanda.
Unalalia mito mingapi?
Ramadhani, miwili. Baada ya Idi, mitatu.
Siku hizi unalala umekaa, mgongo ukutani,
mlinzi asiye na bunduki.

"Moyo kushindwa," daktari akasema.
Ukamkata kauli: "Umeshindwa na nani?"
Hakuwa na jibu. Akachukua kalamu, akaandika:
sodiamu, potasiamu, magnesiamu.

Mashine tunayo, imefunikwa kitambaa
alichofuma muuguzi mkuu kwa mkono wake;
vitendanishi viliisha tangu msimu wa korosho.
Basi damu yako ikasafiri bila wewe,
kichupa ndani ya deli, deli chini ya kiti cha kondakta,
ikapita Mingoyo, ikapita Mikindani,
nami nikapiga simu mara nne kuuliza imefika,
kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na noti ya mwisho.

Magnesiamu iko chini.
Sodiamu nayo inashuka.
Ukacheka mpaka pumzi ikakukatikia njiani.
"Mimi? Miaka thelathini na moja nakwangua chumvi,
visigino vimepasuka kwa chumvi,
khanga zimepauka kwa chumvi,
marehemu Chilumba akiniramba shavu anaomba maji,
leo nimepungukiwa?"

Hapo nikaacha lugha ya maabara.
Nikakuuliza: mvua ikinyesha jarubani, chumvi inakwenda wapi?
Ukanyamaza.
"Haiendi popote. Maji yamezidi."
Basi ndiyo sodiamu yako. Haijaibiwa.
Usiongeze chumvi chunguni, maji yatakufuata.
Iliyoibwa ni magnesiamu:
sukari iliitoa kwa mlango wa nyuma,
usiku baada ya usiku,
miaka ile uliyoamka mara tano kwenda uani
ukasema ni uzee.
Na moyo bila hayo madini
hukaza ukasahau kulegea,
hulegea ukasahau zamu.

Ukafikiri kidogo.
"Yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda,
yale tunayoyamwaga..."
Yana magnesiamu, ndiyo.
Lakini usiende kuyanywa, nakujua.
Ukatazama pembeni. Ulikuwa umeshapanga.

Vidonge ukapewa, vya kukojoza, vya moyo,
na vya magnesiamu vikatafutwa duka kwa duka.
Kisha daktari akasema: jipime uzito kila asubuhi,
ukipanda kilo mbili kwa siku tatu, njoo,
usisubiri Jumatatu, usisubiri arobaini ya mtu.
Mizani ipo wapi nyumbani kwako?
Hukujibu. Ulikuwa na mizani yako.

Mwezi uliofuata nilipita Mchinga kwa shughuli nyingine.
Ghalani, karani Mkapunda alinifungulia daftari
bila kuulizwa, kidole kikishuka mstari kwa mstari:

gunia, hamsini
gunia, hamsini
gunia, arobaini na tisa, limelowa
Somoe, sabini na moja na nusu
gunia, hamsini

Ile nusu ameipigia mstari chini, mara mbili.
Nikamuuliza kwa nini.
"Jana ilikuwa sabini," akasema,
akawasha simu, akaanza kutafuta namba yangu
nami nimesimama mbele yake.